Mwezi Huu Mnapika Nini?

Kanazawa, 12 Septemba 1978

Mdogo wangu Kensaku,

Hujambo huko Tokyo? Sisi hatujambo. Joto limeanza kupungua, jioni wadudu wanalia bustanini, na baba ameshatoa fulana yake ya sufu ingawa mimi bado natoka jasho jikoni. Reiko mgongo wake umepona? Msalimu, mwambie namtajataja wifi yangu.

Barua yako ilinifurahisha mpaka nikaona haya. Miaka mitatu ulikuwa unatuletea kadi ya mwaka mpya tu, picha ya mnyama wa mwaka na jina lako, basi. Halafu ghafla kurasa mbili. Nilimsomea baba akiwa anakula. Aliniambia nirudie pale uliposema kwamba sufuria za hoteli unakopika ni kubwa hata mtu anaweza kuoga ndani yake.

Umeuliza: mwezi huu mnapika nini? Nikwambie ukweli, Kensaku. Nimekuwa jikoni humu miaka kumi na tisa na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Wageni wanamwuliza baba. Unajua ilivyo kwetu: wanaketi wanane kwenye kaunta, hawachagui chochote, wanasema tu, "Tunakuachia wewe, mzee," na baba anasimama mbele yao na kisu. Mimi niko nyuma ya kiambaza cha mbao. Tangu mikono yake ianze kutetemeka, mwaka wa sita huu, hata samaki mbichi nakata mimi. Nampitishia kwenye kidirisha, yeye anapanga kwenye sahani taratibu sana, na wageni wanasema uzee umempa utulivu. Mimi huku nyuma nacheka peke yangu.

Basi, mwezi huu tunaanza na tofu ya ufuta, juu yake petali za maua ya manjano zilizochovywa kwenye siki. Usizichemshe, zitalala. Kisha supu ya bakuli, kisha samaki mbichi wa aina mbili, kisha samaki wa kuchoma aliyelala kwenye rojo ya miso siku mbili. Siku tatu ni nyingi, anakuwa mkavu. Kinachofuata ni bata na biringanya, mchuzi mzito. Halafu kitu cha siki cha kusafisha kinywa. Wali, achari, tunda moja la pea kwa wawili. Nimekuandikia vipimo kwenye karatasi ya pili, pande zote mbili. Usinicheke.

Na habari kubwa nimeiweka mwisho. Baba amesema, tena mbele ya picha ya mama, kwamba mwaka ukigeuka ataondoa kiambaza, mimi nisimame mbele, na pazia la mlangoni lenye jina la ukoo wetu, Kawabe, litakuwa langu. Sijamwambia mtu mwingine. Wewe ndiye wa kwanza.

Dada yako,
Michiyo


Tokyo, 3 Oktoba 1978

Dada,

Shikamoo, na kwa baba pia. Sisi wazima, mgongo wa Reiko umenyooka, sasa ulimi wake ndio unaohitaji daktari. Mvua hapa haikatiki, nguo zinakaukia jikoni.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na viatu mkononi, Reiko akadhani kuna msiba. Dada wewe nawe! Eti nisikucheke. Hotelini tunapika vyakula mia mbili kwa mkupuo na hakuna hata kimoja kinachojua mwezi gani huu. Kusoma barua yako ni kama kurudi nyumbani kuketi. Basi usichoke: na Oktoba je, mnapika nini? Andika vyote, na vipimo, mimi hujipikia Jumapili nikajidanganya niko kwetu.

Nina ombi jingine na naona aibu. Sikuwepo mama alipofariki. Unajua, na mimi najua, na jambo hilo linanila. Hapa sina chake chochote isipokuwa picha. Yale mabakuli yake matano meusi, ya kufunikwa, unaweza kuniazima? Nataka kuyaweka mbele ya picha yake.

Kazi ipo, si haba. Nitakueleza siku nyingine.

Mdogo wako,
Kensaku


Kanazawa, 21 Oktoba 1978

Mdogo wangu,

Huku salama, asubuhi kuna baridi ya kuuma vidole. Baba alianguka kidogo bafuni, hakuumia, ila amenikataza nisikwambie, kwa hiyo hujui.

Mabakuli nimeyafunga kila moja kwa kitambaa chake, nikajaza gazeti katikati. Usiyaoshe kwa maji ya moto. Nililia kidogo nikiyafunga, lakini nilifurahi pia, kwa kuwa ni mara ya kwanza umemtaja mama.

Vyakula vya Oktoba viko karatasi ya pili. Ila supu nitakuelezea hapa, maana hiyo haikuwa ya baba wala ya babu. Ni yangu. Unakuna mizizi ya yungiyungi, unaikamua kwa mkono, usiongeze unga hata chembe, inajishika yenyewe. Ndani unaficha kipande kidogo cha samaki mkunga aliyechomwa, unaviringa, unapika kwa mvuke, unaweka kwenye bakuli, unamimina mchuzi mweupe juu na kufunika. Mgeni akifunua haoni kitu isipokuwa tonge jeupe. Niliitunga mwaka ule mama alipokuwa hawezi kutafuna. Wewe ulikuwa Tokyo, simu zetu za maandishi zilikuwa hazijibiwi, sikulaumu. Alikuwa akipenda sana mkunga, na sikutaka aondoke bila kumwonja tena.

Baba aliionja jikoni baada ya msiba, akasema iwekwe kaunta. Wageni wanaiita kwa jina la baba, supu ya mzee Torakichi. Sawa tu. Wewe sasa unajua ni ya nani.

Dada yako,
Michiyo


Tokyo, 15 Novemba 1978

Dada,

Heri ya baridi. Mabakuli yamefika mazima, asante sana, Reiko aliyashika kama mtoto mchanga. Nisamehe barua ni fupi, siku hizi nina shughuli nyingi. Kaa wa kwenu wameshaanza kuvuliwa, najua. Niandikie vya Desemba, na vya mwezi wa kwanza pia ukiweza, maana mwisho wa mwaka hutapata nafasi. Supu ile haikai kaunta majira yote ya baridi? Niambie.

Baba hajambo? Asijitese na mambo ya zamani.

Kensaku


Kanazawa, 8 Desemba 1978

Mdogo wangu,

Theluji ya kwanza imeanguka na miti ya bustani tumeifunga kamba isivunjike. Baba anakohoa usiku. Bibi Nosaka, yule mwalimu wa sherehe ya chai anayekaa kiti cha tatu, amekuulizia. Nimemwambia unatuandikia sasa, akafurahi.

Ndiyo, supu ile hukaa mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza. Vyakula vya Desemba na Januari nimeviandika karatasi nne. Kaa usimtie chochote, ana chumvi yake.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Ulimwandikia baba barua peke yake? Mwezi uliopita ilikuja bahasha yenye mwandiko wako, akaiweka kifuani na sikuiona tena. Siku nne baadaye alishusha pazia la mlangoni. Akasema limepauka, amelipeleka kwa fundi wa rangi. Jana nilipita kwa fundi kumwuliza kama litakuwa tayari kwa mwaka mpya, akaniangalia. Hajaletewa pazia lolote na nyumba ya Kawabe. Nimemwuliza baba, akasema masikio yanamuuma. Wewe unajua kitu? Kama unajua, niambie wewe, nisisikie kwa watu.

Michiyo


Tokyo, 26 Desemba 1978

Dada,

Asante kwa karatasi nne, wewe ni mwandishi kuliko wapishi wote wa Tokyo. Hapa hatujapata theluji. Reiko anasuka nywele za jirani kwa ajili ya sikukuu, nyumba imejaa wanawake, mimi nimekimbilia kazini. Mpe baba dawa ya kikohozi niliyoituma, vijiko viwili, na umfunike miguu.

Wazee wana mambo yao, usimbane. Mwaka mwema.

Kensaku


Kanazawa, 24 Januari 1979

Kensaku,

Sikuulizi hali. Nimekuona kwa macho yangu na afya unayo.

Bibi Nosaka alitutembelea siku ya nane ya mwaka. Alikuwa Tokyo kwa dada yake. Alikaa pale kaunta, akasubiri baba aende chooni, akagonga kwenye kiambaza kwa pete yake. Akasema, "Michiyo, nimekula kwa mdogo wako, amefungua mahali pake. Pazia lenu liko mlangoni kwake." Tena akaongeza kwamba alidhani najua. Nilimwambia najua. Niliendelea kukata figili, nikazikata zote, hata za kesho.

Ndiye aliyeniwekea kiti kwako kwa jina lake, chakula cha mchana, siku ya kumi na tisa. Nilimdanganya baba kwamba naenda msibani kwa shangazi.

Nilisimama nje kwanza. Ile pembe ya kushoto ya pazia niliyoishona mwenyewe, uzi haukuwa wa rangi moja, bado iko vilevile. Nikainama, nikapita chini yake nikiwa mgeni.

Uliniona ukiwa na kisu mkononi. Hukutetemeka, hilo nakusifu. Ukasema karibu kama unavyomwambia yeyote. Tulikuwa sita, nami katikati, hatua moja kutoka ubao wako. Mbele ya wageni usingeweza kuniambia kitu, nami nisingeweza. Mtu aliyesema "nakuachia wewe" hainuki chakula kikiwa katikati, mama alitufundisha. Basi nikaketi saa mbili nzima, nawe ukaniwekea mbele, kimoja baada ya kingine, kila kitu nilichokuandikia. Kaa bila chumvi. Samaki buri aliyelala kwenye miso siku mbili, si tatu. Nilikuwa najua kinachofuata kabla hujageuka. Nilikula vyote. Vilikuwa vitamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kisha supu. Mabakuli ya mama ni matano na wageni tulikuwa sita. Wao walipewa ya mama. La sita, la dukani, ulinipa mimi.

Ungeliishia hapo ningekuandikia barua nyingine, ya kukugombeza tu. Lakini yule mwanamume mnene mwenye miwani, mteja wako wa kila wiki nadhani, akamgeukia mwenzake akasema, msikilize mpishi, mwambie atusimulie habari ya mama yake. Ukasema si leo. Akashikilia. Nikakuangalia. Nilikuwa nasema moyoni, Kensaku, usiseme. Nikakuombea kabisa, kama ambavyo ningekuombea ukiwa unavuka barabara.

Nawe ukasema, macho chini, "Mama alipokuwa mgonjwa hakuweza kutafuna. Nikamtungia tonge hili. Nilikuwa namlisha mwenyewe."

Yule bibi wa pembeni alifuta machozi kwa kitambaa. Ndipo nikakuuliza, si kwa sauti kubwa, kama mama yako aliweza kumeza. Ukanijibu, "Alilimaliza lote." Nikafunika bakuli langu.

Huwa najiuliza ulipata wapi wazo la kuniandikia. Hukuhitaji kuiba, Kensaku. Ungesema nataka kufungua mahali pangu, nisaidie, ningekuja na kisu changu. Uliona nina njaa ya kuulizwa, ukaniuliza.

Niliporudi nilimkuta baba anakunja magazeti. Nikamwambia natoka kwa Kensaku. Hakuuliza msiba umekwendaje. Alikunja moja zaidi, akasema, "Mikono yako ni mizuri, Michiyo. Lakini nani atakaa mbele ya mwanamke aliyeshika kisu? Jina linataka mwanamume." Aliahidi mbele ya picha ya mama, na picha ile ilikuwa ukutani palepale nyuma yake. Nilimpikia chakula chake cha jioni kwa sababu ni mzee na anakohoa.

Michiyo


Tokyo, 11 Februari 1979

Dada,

Natumaini baba kikohozi kimepungua. Reiko anakusalimu, amehuzunika.

Ulipoingia nilidhani moyo umesimama. Ungeniarifu ningekupa kiti cha heshima. Pazia sikuliomba kwa ujanja, nilimwandikia baba kama mwana, naye akalituma kama baba. Ndivyo zinavyokwenda nyumba kama zetu, wala si mimi niliyeanzisha. Wewe mwenyewe unajua wageni wanasema mikono ya mwanamke ina joto, inaharibu samaki mbichi. Ungelitundika, ungelishusha baada ya mwezi, na jina la babu lingeaibika. Sasa lipo, tena Tokyo.

Habari ya mama ilianza siku moja tu. Mtu aliniuliza hii supu imetoka wapi, nikafungua mdomo. Baada ya hapo watu wakawa wanakuja kuisikia. Ningewaambiaje kwamba sikuwepo?

Bado mimi ni mdogo wako. Nawe kwa upendo wako wote uliniandikia kwa hiari.

Kensaku


Tokyo, 20 Machi 1979

Dada,

Hujanijibu. Baba naye kaandika mistari mitatu tu, kwamba umeondoa kiambaza. Kweli?

Nitasema wazi maana sina pa kujificha. Nina vyakula vyako mpaka Januari. Februari nilirudia vya Januari. Machi nimejaribu vyangu, na yule bwana mwenye miwani alikula, akaweka vijiti vya kulia chini akasema, "Mpishi, majira ya baridi yameisha." Wiki hii hakuja. Watu wanaketi mbele yangu wanasema tunakuachia wewe, na mimi usiku nalala macho nikijiuliza niwape nini. Machipukizi ya mianzi yapo sokoni, nayaangalia tu. Hotelini tulikuwa tunatoa ya kopo.

Naomba kwa jina la mama. Aprili mnapika nini?

Kensaku


Kanazawa, 14 Aprili 1979

Mdogo wangu Kensaku,

Hujambo? Maua ya sakura hapa yalifunguka Jumatano na mvua ikayaangusha Ijumaa, kwa hiyo hakuna aliyefaidi. Baba hajambo, kikohozi kimeisha. Mwambie Reiko asihuzunike, yeye hakuniandikia barua.

Ni kweli, kiambaza nilikiondoa, siku chache baada ya barua yangu ya Januari. Nilikopa bisibisi kwa jirani, skrubu kumi na sita, nikaziweka kwenye kikombe. Baba alisimama akiniangalia. Akasema, "Huwezi." Nilipomaliza hapakuwa tena na mahali pake pa kusimama, akaenda kukaa kiti cha mwisho, cha wageni, na tangu siku hiyo ndipo anapokaa.

Siku ya kwanza walikuja wawili, Bibi Nosaka na muuza keki za maharage. Siku ya tatu mwanamume mmoja aliingia, akaniona na kisu, akasema samahani amekosea nyumba. Jana walikuwa wanne. Pazia hatuna, majirani wanadhani tumefunga, wanauliza kama tumefiwa. Asubuhi nafagia na kumwagia maji kizingitini, na anayejua anaelewa tumefungua.

Baba alikula supu ile kwa mara ya kwanza akiwa ameketi, mwishoni mwa Januari, siku ya mwisho ya majira yake. Alifunua bakuli, la dukani, maana mengine hatuna. Alikula akamaliza. Akaniuliza mbele ya wageni, "Ya nani hii?" Anajua ya nani. Nikamwambia, "Yangu, baba." Akaomba wali. Sijamsamehe bado, lakini nilimpa wali.

Sasa habari ya mama, kwa kuwa unaisimulia na huijui. Hakumaliza. Alikula vijiko viwili. Cha tatu alikitema mkononi mwangu, akaniomba radhi. Wala hakulishwa kwenye yale mabakuli, yalikuwa mazito kwake, nilimlisha kwa kikombe cha chai. Akauliza kama Kensaku amefika. Nikamwambia uko njiani. Huo ndio uongo pekee niliowahi kumwambia mama, na nilimwambia kwa ajili yako. Ukiendelea kuwasimulia wageni, uanzie hapo.

Pazia kaa nalo, baba alikupa. Mabakuli ni ya kuazima. Yafunge kila moja kwa kitambaa chake, vile vile nilivyokuletea, na gazeti katikati.

Hapa ndipo nilipokuwa nikikuandikia vyakula vya mwezi.

Dada yako,
Kawabe Michiyo